Nyumba Yenye Kete Sita

Wengi wetu hudhani kwamba furaha ya nyumbani ni jambo la kuandaliwa: sikukuu, nguo mpya, pilau na wageni. Lakini aghalabu furaha huingia bila ya kubisha hodi, na pengine huja wakati ambapo hakuna aliyeitazamia.

Tarehe 23 Machi 2020 shule zote za Msumbiji zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Siku hiyo hiyo mji wa Mocímboa da Praia, jirani zetu wa kusini, ulivamiwa na watu wenye silaha. Sisi tulikuwa Palma, wilaya ya pwani inayopakana na Mto Ruvuma. Tarehe 1 Aprili hali ya hatari ikaanza nchi nzima. Misikiti ikafungwa, mikusanyiko ikakatazwa, nasi watumishi wa serikali tukafanya kazi kwa zamu. Basi nyumba yetu ikawa na watu sita kutwa kucha: mama yangu mzazi, mke wangu, watoto watatu na mimi.

Nina cheti cha ualimu, ingawa kazi yangu ni ya ofisini, nami sikupenda watoto wakae bure. Asubuhi moja nilichimba mashimo 32 mchangani chini ya mwembe, safu nne za mashimo manane manane. Nikahesabu komwe 64, nikamwuliza binti yangu mdogo: "Tukizigawa sawasawa, kila shimo litapata ngapi?"

"Mbili, baba."

Mama, aliyekuwa akichagua mchele kibarazani, akacheka. "Hilo ni bao la kujifunza," akasema. "Bao lenyewe silo hilo."

Akaweka ungo chini, akaja kuketi mchangani. Mama hakupata kuingia darasani, na kwetu bao ni mchezo wa wanaume wa barazani. Kumbe alifundishwa na kaka yake utotoni. Akapanga: kete sita katika shimo liitwalo nyumba, mbili na mbili katika mashimo ya jirani, na 22 zikabaki mkononi mwake. "Haya, mwalimu, panga zako. Anza kunamua."

Kabla ya adhuhuri alikwisha kunifunga mara tatu. Watoto waliruka kwa vigelegele, na mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akicheka hadi machozi. Tangu siku hiyo somo la hesabu likawa la bibi. Ulipoingia mwezi wa Ramadhani, mwishoni mwa Aprili, tuliswali tarawehe nyumbani, kisha koroboi ikawashwa na wajukuu wakagombea kuketi mbele yake. Nje, habari zilikuwa za vita na maradhi. Watoto walizisikia, wala hatukuwaficha. Hata hivyo, walikwenda kulala wakicheka.

Tarehe 24 Machi 2021 Palma nayo ikashambuliwa. Tulitawanyika: mama, mke wangu na watoto kwa chombo cha baharini, mimi kwa miguu. Baada ya siku nyingi tulikutana mjini Pemba, makao makuu ya mkoa wetu. Hatukuwa na godoro wala sahani. Asubuhi ya pili nilimkuta mwanangu wa kiume akichimba mashimo 32 katika uwanja wa jamaa waliotupokea, vijiwe vimejaa mfukoni. Hakuna aliyemtuma.

Mama akaketi mbele yake taratibu. "Nyumba ina kete ngapi?" akauliza.

"Sita, bibi."

Akatutazama mmoja mmoja, akatuhesabu kwa macho, kisha akaanza kucheza.

Naandika haya nikiwakumbuka askari na polisi, ambao kwa miezi mingi huwa mbali na watoto wao. Likizo ikifika, baba hupanga mengi: kukarabati paa, kulipa madeni, kwenda mjini kununua zawadi. Yote hayo yafaa. Lakini furaha haiamriwi kama gwaride. Huhitaji tu watu walioketi karibu bila ya haraka. Basi, ndugu zangu, acheni asubuhi moja isiyopangiwa kazi, mketi chini pamoja na watoto. Na kama bado yuko mzee nyumbani, mwulizeni alijifunza mchezo gani utotoni mwake.