Msafiri Huku, Mgeni Kule: Kwa Basi Katika Njia za Anatolia

Waswahili na Waturuki wamepokea neno moja kutoka katika lugha ya Kiarabu, kisha kila watu wakalitumia kwa namna yao. Sisi twasema msafiri, na maana yake ni mtu aliye njiani. Waturuki husema misafir, na kwao leo maana yake ni mgeni aliyeingia nyumbani. Neno ni lile lile. Sisi tumelitazama kwa upande wa anayeondoka, na wao wamelitazama kwa upande wa anayempokea. Hata mgeni anayebisha hodi pasipo kualikwa, wao humwita mgeni wa Mungu.

Twaanza na neno hilo kwa sababu jambo tunalotaka kulieleza ni lile ambalo vijana wetu wengi hulitamani na wazee wetu wengi huliogopa: kusafiri peke yako, shanta mgongoni, kwa mabasi ya abiria, na kulala katika hosteli chumba kimoja na watu usiowajua. Nasi tumelijaribu katika nchi ya Uturuki, kutoka Istanbul mpaka Konya, na kutoka Konya kwa njia ya Aksaray mpaka Göreme. Twasema "sisi" kwa ada ya waandishi. Ama aliyekwenda alikuwa mtu mmoja.

Khofu ya wazee si ya bure. Imepokewa katika Hadithi za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, onyo juu ya mtu anayepanda kipando chake usiku akaenda peke yake. Maulamaa wameeleza kwamba njia tupu ina hatari nyingi: mtu akianguka hana wa kumwinua, na akifa hana wa kumzika wala wa kupeleka habari kwao. Basi yatupasa kuuliza: je, njia ya leo ya basi na hosteli ni njia tupu, au ni njia yenye watu? (Ama safari ya mabinti pasipo maharimu, huo ni mlango wake peke yake katika fiqhi, na kila nyumba itamwendea sheikh wake. Hapa twasema juu ya vijana wa kiume.)

Kituo cha mabasi kule huitwa otogar. Kila basi linaloondoka huhesabiwa kuwa ni sefer moja, nalo ni neno letu hili hili la safari. Ukinunua tikiti hutakiwa kutaja jina na kuonyesha pasipoti, na jina hilo huandikwa mbele ya namba ya kiti. Tena kampuni za mabasi zina desturi ya kutomkalisha mwanamke aliye peke yake karibu na mwanamume asiyemjua. Ndani ya basi mna msaidizi wa dereva aitwaye muavin, jina ambalo sisi twalijua shina lake katika neno muawana. Yeye hupita na chai na maji na vipande vya keki, na katika mabasi mengine bado utamwona akiwamiminia abiria marashi ya limau viganjani.

Kutoka Istanbul mpaka Konya ni mwendo unaokaribia kilomita 700, nao huchukua takriban usiku mzima. Kila baada ya saa chache basi husimama penye mapumziko, na hapo pana chakula, vyoo, maji ya kutawadha na chumba cha kusalia. Hapa kijana wetu yafaa ajue jambo moja. Waturuki wengi ni wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, ambao hawakusanyi Sala mbili kwa ajili ya safari, isipokuwa kule Arafa na Muzdalifa katika Hija. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao wengi wetu twamfuata Imamu Shafi, twaruhusiwa kukusanya. Basi mtu asimshangae mwenziwe, wala asianzishe ubishi kando ya basi linalonguruma.

Mzee mmoja wa Kituruki alikaa ubavuni mwetu usiku ule. Lugha yake hatukuijua ila maneno machache, naye yetu hakuijua kabisa. Alipokata mkate wake wa duara wenye ufuta alitupa nusu, bila ya kuuliza kama tuna njaa. Tulipofika Konya kabla ya alfajiri hakuondoka mpaka amemwonyesha dereva wa gari dogo mahali tunapotaka kushuka.

Katika Konya watu wengi huzuru kaburi la Jalaluddin Rumi, aliyefariki mwaka 1273, chini ya kuba la kijani. Mahali hapo paligeuzwa kuwa nyumba ya makumbusho mwaka 1926, lakini wengi waingiao husimama wakainua mikono wakaomba dua. Lakini kwa msafiri wa shanta, kitu cha kutazamwa zaidi kiko nje ya mji, katika njia iendayo Aksaray. Huko nyika ni pana na tambarare, na upepo wa majira ya baridi ni mkali. Katikati ya nyika hiyo, katika mji mdogo wa Sultanhanı, limesimama jengo la mawe ambalo kwa mbali ungelidhani ni ngome. Si ngome. Ni nyumba ya wasafiri, iliyojengwa mwaka 1229 kwa amri ya Sultani Alaeddin Keykubad wa Kwanza wa dola ya Saljuki, na kutengenezwa tena mwaka 1278 baada ya kuungua. Wenyewe huiita han.

Lango lake ni la marumaru iliyonakishiwa, na urefu wake wapata mita 13. Ukiingia wakuta uwanja mpana usio na paa, wenye vyumba pande zote, na nyuma yake ukumbi mkubwa uliofunikwa kwa ajili ya baridi. Katikati ya uwanja umeinuliwa msikiti mdogo juu ya matao manne, hata wanyama na mizigo wangeweza kujaa chini yake na mahali pa Sala pakabaki safi. Aliyelipanga jengo hili alimfikiria mtu mchovu, mwenye ngamia na mzigo, aliyefika jua likizama.

Tena si jengo moja. Wasaljuki walijenga nyumba za namna hii katika njia zao nyingi, na kati ya moja na ya pili mara nyingi pana kilomita 30 mpaka 40, ndio mwendo wa msafara wa siku moja. Wasomaji wetu wanakijua kipimo hicho, ijapokuwa pengine hawajakifikiria. Vitabu vya fiqhi ya Kishafi vyataja marhala mbili kuwa ndiyo masafa ya kupunguza Sala, nazo hukadiriwa kuwa zaidi kidogo ya kilomita 80. Marhala moja ni mwendo wa siku wa mnyama mwenye mzigo. Kwa hivyo neno ambalo sisi twalisoma darasani, katika nyika ya Anatolia laonekana kwa macho, limejengwa kwa mawe.

Desturi iliyojulikana katika nyumba hizo ni kwamba msafiri alipokewa siku tatu pasipo malipo. Nyingi zilisimama kwa wakfu, na hati ya wakfu wa Karatay Han, iliyo upande wa mashariki wa Kayseri, imehifadhika tangu karne ya 13. Hati hiyo yaagiza wasafiri wote wapewe chakula, Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu, muungwana na mtumwa, na tena yataja halua ya asali kwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Wazee wetu husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wasaljuki walimwongeza siku moja.

Kuna mtu mmoja aliyezijua njia hizi na pwani yetu pia, naye ni Ibn Battuta. Alitoka kwao Tanja mwaka 1325, kijana wa miaka 21, peke yake, bila rafiki wa kumliwaza wala msafara wa kufuatana nao. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, na baada ya hapo safari zake zikamfikisha Anatolia. Katika mji wa Antalya alijiwa na mtu mwenye nguo chakavu na kofia ya sufi, akamkaribisha chakula yeye na wenziwe. Ibn Battuta alistaajabu, akamwonea huruma fakiri huyo kwa mzigo anaotaka kujitwika. Mkalimani akacheka, akamweleza kwamba yule ni fundi wa viatu, na ni mkuu wa vijana mafundi wapatao 200, walioitwa Akhi, yaani ndugu. Hao walikuwa wamejenga nyumba ya kupokelea wageni, na walichochuma mchana walikitumia usiku kwa ajili ya wasafiri.

Na katika mji ambao leo waitwa Denizli, watu walitoka madukani wakazishika hatamu za farasi wake, wakagombana na wenzao hata wengine wakachomoa majambia. Wasafiri waliingiwa na khofu wakidhani wamevamiwa na wanyang'anyi. Kumbe ni makundi mawili ya Akhi, kila moja likitaka kuwapokea wao! Mwisho walipiga kura.

Ama hosteli ya leo si nyumba ya wakfu, na haifai tumdanganye kijana wetu. Ilizaliwa Ujerumani. Mwalimu Richard Schirrmann alipata wazo lake mwaka 1909, alipokuwa matembezini na wanafunzi wakashikwa na mvua kubwa wakalala katika shule, na mwaka 1912 hosteli ilifunguliwa katika ngome ya Altena. Leo nyingi ni biashara: walipa, wapewa kitanda kimoja katika bweni, sanduku la kufuli, jiko la pamoja na bafu la pamoja.

Hosteli tuliyofikia Göreme ilikuwa imechimbwa katika jiwe laini la majivu ya volkeno, kama yalivyo makao mengi ya eneo lile, ambalo tangu mwaka 1985 limo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia. Bweni letu lilikuwa na vitanda vinane, vya juu na chini. Usiku wa pili kijana mmoja wa Algeria, mwanafunzi, alishikwa na homa kali akawa anatetemeka. Hakuna aliyemjua kabla ya siku ile. Mjapani aliyelala juu yake alishuka akampa blanketi lake. Mwingine alichemsha maji. Sisi tukaenda kumwamsha mwenye nyumba. Katika nchi ile maduka ya dawa yanapofungwa usiku hubandika mlangoni jina la duka lililo zamu, na mwenye nyumba alilijua. Alitoka na gari lake katika baridi ile akarudi na dawa, na asubuhi akamletea mgonjwa supu ya dengu. Yule kijana alipotoa pesa za supu, mwenye nyumba alitikisa kichwa akatamka neno moja tu: misafir.

Hapo tulifahamu jibu la swali letu. Pesa zaweza kununua kitanda, kufuli na kiti chenye namba. Huruma hainunuliwi, nayo ndiyo inayoigeuza njia tupu ikawa njia yenye watu. Msafiri ahitaji vyote viwili, utaratibu na huruma. Na cha pili hakiandikwi katika tikiti.

Basi kwa kijana anayetaka kwenda twasema haya. Beba mzigo unaoweza kuupandisha ngazi bila msaada. Pasipoti na pesa zikae mwilini, si katika shanta. Panga ufike mji mgeni kabla ya giza, na kila unapofika waarifu wa nyumbani. Kabla ya kulipa, itazame nyumba: zipo hosteli zenye baa na ngoma mpaka usiku wa manane, na zipo za watu watulivu. Bwenini toa salamu unapoingia. Tayarisha nguo zako kabla ya kulala, na saa ya kukuamsha alfajiri iweke chini ya mto, isije ikawaamsha saba kwa ajili ya mmoja. Ukitawadha katika bafu la pamoja, ukaushe sakafu. Na chakula ulichopika, usikile peke yako ukiwa na jirani.

Na kwa wazazi twasema hili. Msiulize tu, "Atalala wapi?" Ulizeni pia, "Amejifunza nini kwetu juu ya mgeni?" Yule Mjapani aliyeshuka kitandani, na mzee aliyekata mkate wake nusu, hawakuanzia njiani, walilelewa hivyo. Kijana aliyezoea kumwona babake akimpisha mgeni mahali pazuri, na mamake akiongeza maji katika mchuzi pasipo kunung'unika, huyo akifika ugenini atajua kupokewa, na mwenziwe akiugua atajua kuamka. Ama yule ambaye mlango wa kwao hufungwa mgeni anapobisha, hata mkimpa tikiti ya bei kubwa namna gani, atakuwa peke yake popote aendapo. Mwenyezi Mungu awahifadhi walio njiani, na azijaalie nyumba zetu ziwe mahali ambapo msafiri hugeuka kuwa mgeni.