Majani ya Mkunazi: Kutoka Nizwa Hadi Micheweni



Safari ina mafunzo mengi, na si yote ayatazamiayo msafiri. Tulipoondoka Pemba kwenda Omani tulikusudia kuwazuru jamaa zetu na kuiona Nizwa, mji wa maulamaa ambao khabari zake tulizisikia tangu tungali wadogo chuoni. Hatukudhani hata kidogo kwamba tutarudi na khabari ya nywele. Walakini hiyo ndiyo iliyotukaa moyoni, na ndiyo tupendayo kuwasimulia leo, kwani ndani yake lipo kosa letu wenyewe.

Usiku wa kuamkia safari, binti yetu wa mwisho, mwenye umri wa miaka 14, alitujia barazani. Mkononi ana shilingi 15,000 alizozidunduliza kwa kusuka ukili. Akasema, "Baba, naambiwa huko Maskati zipo shampuu nzuri za nywele kavu. Ninunulie chupa moja, na pesa yake hii." Sababu twaijua. Mama yake alikwisha kutangulia mbele ya haki miaka miwili nyuma, na tangu siku hiyo mtoto hana wa kumchana wala wa kumsuka. Alikuwa akijiosha kichwa kwa sabuni ya kufulia, na mara nyingine kwa shampuu kali za dukani. Nywele zikawa kavu kama makumbi, zakatika kila zikiguswa na kitana. Tuliambiwa na dada yetu kwamba hata harusini, wanawake wakiwa peke yao na kuvua mitandio, yeye havui. Tukazipokea pesa zake, tukamuahidi.

Kutoka Maskati hata Nizwa ni mwendo wa kama kilomita 160. Barabara ni njema, nayo yapita katika pengo la Samail, baina ya milima mikavu isiyo hata na majani, rangi yake kama chuma kilichoshika kutu. Mtu wa Pemba, aliyezoea kuona kijani kila ageukapo, hustaajabu watu waishije mahali kama pale. Mara milima yafunguka, na mbele yako ni mitende tele, na katikati ya mitende ni mji. Nyuma yake umesimama Jabal Akhdar.

Tulitembezwa ngomeni, tukauona ule mnara mkubwa wa duara uliojengwa na Imamu Sultan bin Seif al-Yaarubi, ndiye yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Kisha tukapelekwa kuona Falaj Daris, mfereji wa maji yanayotoka chini ya ardhi, ambao mwaka 2006 uliandikwa pamoja na mifereji mingine minne ya Omani katika orodha ya urithi wa dunia. Tuliipenda adabu ya maji yale. Mahali pa mwanzo yanapojitokeza ni pa kuteka ya kunywa. Kisha ndipo pa kutawadha na kuoga. Na mwisho kabisa ndipo yanapogawiwa mashamba kwa zamu. Kila tone lina haki yake. Na sokoni tulisikia Kiswahili, tena Kiswahili cha kwetu, kwani wengi walirudi huko kutoka Afrika ya Mashariki baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970.

Basi ilipokuwa siku ya tatu, hewa ya Nizwa ilianza kututia adabu. Kwetu hewa ina maji. Nguo yaanikwa asubuhi na jioni bado ina unyevu. Kule, kanzu iliyofuliwa hukauka kabla hujamaliza kunywa kahawa. Kichwa kikaanza kutuwasha, na ndevu zikawa ngumu kama usumba. Kila siku tukaoga kwa sabuni ya kipande tuliyotoka nayo nyumbani, na kila siku mambo yakazidi kuwa mabaya.

Katika nyumba tuliyofikia alikuwamo bibi mmoja, mama wa mwenyeji wetu, mzaliwa wa Chake Chake aliyeondoka Pemba akali msichana. Akatutazama jioni ile, akasema, "Mwalimu, mbona wajikuna hivyo?"

Tukamjibu, "Bibi, naona ni hewa ya huku."

"Si hewa peke yake, mwanangu. Hewa yakukausha, nawe wazidi kujikausha kwa hiyo sabuni." Akamtuma mjukuu wake alete bakuli. Lilipoletwa mlikuwa na unga wa kijani uliokorogwa kwa maji ya uvuguvugu, mzito kama uji. Tulipouinusa tulinyamaza kimya. Harufu ile twaijua. Tumeosha maiti wanaume kijijini kwetu kwa zaidi ya miaka 25, na kila mara tumeoshea majani hayo.

Bibi akacheka. "Ni mkunazi, sidri. Nanyi huko bado mwawaachia maiti peke yao?"

Tuliona haya kukataa. Tukaingia kuogea, tukajipaka kichwani na ndevuni, tukangoja kama robo ya saa, tukajimiminia maji. Povu lake lilikuwa dogo, si kama la sabuni. Lakini kichwa kilitulia usiku uleule, na baada ya mara ya pili ndevu zikalainika. Bibi akatueleza kwamba mabinti zake wote na wajukuu zake wamelelewa kwa majani hayo, akatufundisha namna ya kuyatumia, nasi tukaandika kila neno.

Kesho yake tukaenda sokoni chini ya ngome. Tuliziona chupa za shampuu za kila rangi. Tukazipita, tukaingia duka la viungo, tukanunua pakiti mbili za unga wa sidri. Pesa tuliyolipia ni ile ya binti yetu. Hatukumpigia simu kumuuliza. Tulijiambia kwamba baba ajua zaidi.

Tulipofika Micheweni tukampa pakiti zake kwa furaha. Akafungua moja, akanusa, na uso wake ukabadilika. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, haya si majani ya maiti?" Akaiweka pakiti juu ya jamvi, akaingia ndani. Tukamsikia akilia.

Hapo ndipo tulipokumbuka jambo ambalo haikutupasa kulisahau. Siku ya kuondoka mama yake, wanawake walipokuwa ndani wakimwosha, ni binti huyu aliyekaa uani na kinu akiyatwanga majani ya mkunazi. Tangu siku hiyo harufu ile kwake ni ya kitu kimoja tu. Nasi tulikuwa tumechukua pesa ya jasho lake tukamletea msiba.

Jioni tulimwita tukamrudishia shilingi zake 15,000 zote, tukamwomba radhi. Wako wazee watakaoona si vizuri mzazi kumwomba radhi mtoto. Sisi twaona amana ni amana, hata ya mtoto, na aliyeikhalifu ndiye apasaye kutubu.

Kisha tukamsimulia, wala hatukumlazimisha. Tulimwambia kwamba sidri katika mafundisho ya Mtume wetu (S.A.W.) haikuwa ya maiti peke yao. Qays bin Asim alipokuja kusilimu, Mtume alimuamrisha aoge kwa maji na sidri. Naye alikuwa mtu hai, tena aliyekuwa akianza maisha mapya. Mwanamke alipouliza namna ya kujitoharisha baada ya siku zake, alielekezwa achukue maji yake na sidri yake. Na alipofariki Bibi Zaynab, binti wa Mtume, Bibi Ummu Atiyya na wenziwe waliamrishwa wamwoshe kwa maji na sidri, mara tatu au tano au zaidi wakiona haja, na mara ya mwisho watie kafuri. Nao wakazisuka nywele zake mikia mitatu. Tazama heshima hiyo. Maiti huoshwa kwa kile ambacho walio hai walijioshea na kukipenda. Mkunazi ulikuwa mti wetu sisi tulio hai, nasi tukawapa wafu wetu kwa kuwakirimu. Kisha tukasahau, tukadhani ni wao peke yao.

Binti yetu akauliza neno moja tu, "Na mama alisukwa?" Tukamwambia amuulize shangazi yake, kwani yeye ndiye aliyekuwamo. Waliyosemezana hatukuyasikia.

Ijumaa iliyofuata shangazi yake alikuja, akakaa uani, akaosha nywele zake mwenyewe kwa unga ule, na mtoto akamshikia kata ya maji. Ijumaa ya tatu akaosha zake.

Sasa, ndugu wasomaji, na khasa akina mama na vijana, tuwape maelezo kama tulivyofundishwa na kama tulivyojifunza baadaye. Kwanza ijulikane kwa nini nywele hukauka. Kwenye shina la kila unywele mna tezi ndogo itoayo mafuta. Unywele ulionyoka huyapitisha mafuta hayo kwa urahisi hata nchani. Wa kipilipili, kwa kujipinda kwake, huyazuia njiani. Ndiyo maana nywele zetu nyingi huwa kavu nchani hata zikiwa na afya. Mtu akiziosha kila siku kwa sabuni kali huyaondoa hata hayo machache. Zaidi ya hayo, maji ya visima vya mawe kama vya kwetu ni magumu, na sabuni ya kipande ikikutana nayo huacha utando juu ya nywele. Majani ya mkunazi yana kitu kitoacho povu jepesi, wataalamu hukiita saponini, nacho huondoa uchafu kwa upole.

Mkunazi wa Omani na huu wetu si mti mmoja hasa, bali ni ndugu wa ukoo mmoja, na majani ya wote wawili hutumika. Chuma majani mabichi, yaoshe, yaanike kivulini hata yavunjike mkononi, kisha yatwange na kuyachekecha kwa kitambaa chepesi, ili chenga zisikwame nywelini. Weka unga katika chombo kikavu chenye kifuniko. Siku ya kuosha, paka mafuta ya nazi kidogo saa moja kabla, au usiku wake. Mwaka 2003 wataalamu wa India walitangaza kwamba walipima mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, wakaona ya nazi ndiyo yaliyopunguza kupotea kwa protini ya nywele, kwa kuwa huingia ndani ya unywele wenyewe. Bibi zetu walikuwa wakiyatumia kabla ya vipimo hivyo.

Kisha koroga vijiko vitatu vikubwa vya unga kwa maji ya uvuguvugu, acha robo ya saa, paka kuanzia ngozi ya kichwa, ngoja dakika 10, na suuza sana. Usiache yaingie machoni. Usiweke rojo hata kesho, kwani huharibika. Kausha kwa kukandamiza kwa kitambaa, si kwa kusugua. Nywele zikiwa bado na unyevu, paka matone machache ya mafuta nchani, na uchane kwa kitana chenye meno mapana, ukianzia nchani kupanda juu. Mara moja kwa wiki yatosha.

Yapo na mengine ya kuangaliwa. Jaribu kwanza kidogo mkononi, ungoje siku moja, kwani mwili wa mtu si wa mwenziwe. Mwenye vidonda kichwani, au mabaka yasiyo na nywele, aende hospitali. Majani hayatibu maradhi hayo. Tena tusiseme kwamba shampuu ni haramu, kwani hatuna ushahidi wa neno hilo. Anayepata iliyo laini na ikamfaa, na atumie. Tunalosema ni kwamba asiye na uwezo wa chupa asijione ameachwa, kwani dawa imesimama nyuma ya nyumba yake. Na mwenye nywele Mtume alimuagiza azikirimu, kama alivyokataza kuzishughulikia kupita kiasi hata mtu akawa hana kazi illa kitana. Baina ya mawili hayo ndipo pa kukaa.

Sasa ni miezi saba. Nywele za binti yetu hazikuwa ndefu, kwani zilizokwisha kukatika hazirudi, na nyingine shangazi yake alizipunguza nchani. Lakini zinazoota zinakaa. Pakiti za Nizwa zilikwisha zamani. Siku hizi huchuma mwenyewe katika mkunazi ulio nyuma ya nyumba yetu, na kinu anachotwangia ni kilekile. Mwezi uliopita palikuwa na harusi mtaani. Sisi wanaume tulikuwa nje na hatukuona kitu, lakini dada yetu aliporudi alituambia kwamba mtoto alivua mtandio pamoja na wenziwe, akakaa nao hata mwisho wa ngoma.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu mama yake, na awarehemu wazee wetu wote waliotutangulia, na atujaalie kuzitunza amana zetu, kubwa na ndogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.