Safari Yangu ya Nyanza Kufuata Maziwa

Kila mji una jambo linaloupa sifa. Ukitaja Zanzibar watu hukumbuka karafuu. Ukitaja Nyanza mbele ya Mnyarwanda, hukumbuka maziwa mgando, ambayo wao huyaita ikivuguto.

Likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda Rwanda kumtembelea mjomba wangu, ambaye hufanya kazi katika kiwanda kimoja huko Masoro, mahali penye viwanda vingi pembeni mwa mji wa Kigali. Nilimkuta mkewe amejifungua mtoto wa kiume siku chache tu zilizopita, naye hana hamu ya chakula. Yeye ni mzaliwa wa Nyanza. Kila alipoulizwa atakula nini, alijibu, "Ningepata kivuguto cha kwetu!" Mjomba hakuwa na ruhusa kazini, basi nikajitolea kwenda mimi. Nikapewa faranga elfu kumi na dumu la lita tatu.

Alfajiri nilipanda basi mpaka Nyabugogo, kituo kikuu cha mabasi, na hapo nikapata gari la kusini. Tulivuka mto Nyabarongo, tukapanda vilima mpaka Muhanga, tukapita Ruhango, na baada ya mwendo wa kilomita 90 hivi tukafika.

Kwa kuwa ilikuwa mapema, nilikwenda kwanza Rukari kutazama makumbusho ya wafalme. Zamani wafalme wa Rwanda walikuwa wakihamahama, mpaka Mwami Yuhi Musinga alipoufanya mji wa Nyanza kuwa makao ya kudumu mwaka 1899. Ufalme ulikoma mwaka 1961, lakini nyumba kubwa ya nyasi imejengwa upya kwa mfano wa ile ya kale, na nyuma yake iko nyumba ndogo ya kuwekea maziwa tu. Niliwaona pia ng'ombe waitwao inyambo, wenye pembe ndefu ajabu, na mchungaji akiwaimbia kama mama abembelezavyo mtoto. Hata salamu yao ya zamani, "Amashyo," ni kumtakia mtu makundi ya ng'ombe. Hapo nikaelewa sifa ya Nyanza imetoka wapi.

Kisha nikaenda kwa mama mmoja muuza maziwa, ambaye alijua Kiswahili vizuri. Akanieleza kwamba maziwa mabichi hutiwa katika chombo safi pamoja na maziwa kidogo yaliyokwisha ganda, yakaachwa yatulie mpaka yawe mazito, kisha yakatikiswa. Mwalimu wetu wa sayansi angesema kuwa vijidudu vya maziwa ya jana hugeuza sukari ya maziwa ya leo kuwa uchachu. Mimi nilichojua ni utamu wake: mazito, baridi, yenye uchachu mwepesi, na kwa mbali harufu ya moshi wa kile chombo.

Aliponijazia dumu alisema, "Mwanangu, tusijaze hadi juu, na kifuniko usikikaze. Maziwa haya yanapumua."

Nikaitika, "Sawa, mama," lakini moyoni niliona ni hasara kuacha nafasi tupu. Nikamwomba ajaze kabisa. Alinitazama, akajaza. Nami nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jua lilikuwa kali, na njia ya vilima ile ilitutikisa mno. Tulipokaribia Muhanga nilisikia mlio kama wa bunduki. Kifuniko kiliruka, na maziwa yakammwagikia bwana mmoja aliyevaa koti jeusi, yakanimwagikia na mimi, yakatiririka chini ya viti. Abiria wengine walicheka, wengine walikasirika. Nilimwomba yule bwana radhi huku nikitetemeka. Katika dumu kilibaki kiasi cha kikombe kimoja.

Nilipofika Nyabugogo shetani akaninong'oneza. Maduka ya maziwa ni mengi mjini Kigali, nani atajua? Nikanunua kivuguto, nikakimimina juu ya kile kilichobaki mpaka dumu likawa kama sikuwahi kumwaga tone.

Mke wa mjomba alipokea kikombe kwa mikono miwili. Akanywa funda moja, akanyamaza. Kisha akatabasamu kidogo, akasema, "Nyanza imo humu, lakini naona njiani imepata wageni."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamsimulia yote, tangu kifuniko mpaka duka la Nyabugogo. Hakunikemea. Alisema tu, "Mwanangu, ungeniletea kile kikombe kimoja, kingenitosha."

Neno hilo liliniuma kuliko fimbo. Jumamosi iliyofuata nilirudi Nyanza kwa fedha yangu ya matumizi. Yule mama muuza maziwa aliponiona peke yangu na dumu lile lile, alicheka kabla sijafungua kinywa. Safari hii niliacha nafasi ya kutosha, nikalegeza kifuniko, nikalipakata dumu mapajani mpaka Kigali.

Mama alikunywa vikombe viwili, akaomba na chakula.

Wenzangu, yaliyomwagika hayazoleki, wala hayaongezwi kwa hila. Peleka kilichobaki, useme kweli.