MAJI YA REJETA

Wanafunzi wenzangu, nanyi kaka zetu mliokwisha maliza masomo hapa, wengi huandika katika gazeti letu habari za safari, za michezo na za sikukuu. Mimi leo nataka kuandika habari za motokaa ya baba yangu, na za daftari dogo lililonitia aibu. Sioni fahari kuyaeleza haya, lakini nadhani yatamfaa mtu.

Kwetu ni Kamembe, juu ya ziwa Kivu, hapa wilayani Rusizi, ambako wazee bado hupaita Cyangugu. Baba ana motokaa aina ya Toyota RAV4 ya mwaka 1998. Ni gari la watu wa nyumbani: hutupeleka kanisani, humpeleka Mama sokoni, na mara kwa mara huteremka bonde la Bugarama kuchukua mchele. Anayeijua njia ile anajua taabu yake. Mto Rusizi huko chini ndipo mahali pa chini kuliko pote katika Rwanda, meta 950 tu juu ya bahari, na joto lake si la mchezo. Kutoka huko gari lazima lipande mpaka kwetu, likiwa na magunia nyuma.

Likizo iliyopita, katika kupanda huko, mpira wa juu wa rejeta ulichanika. Baba alilipeleka gari kwa fundi mmoja mzee wa mtaani kwetu, ambaye gereji yake ni uwanja mdogo chini ya mwembe. Yule mzee akatia mpira mpya, akajaza maji, kisha akamwambia Baba, “Mpira nimebadili, lakini gari lina umri wake, na mpira haupasuki bure. Kwa wiki mbili tazameni kopo la maji ya akiba kila asubuhi, injini ikiwa baridi. Maji yakishuka chini ya alama, nileteeni upesi, maana hapo patakuwa na tundu jingine.”

Baba akanigeukia mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa. Akanipa daftari dogo na kalamu, akasema, “Kila asubuhi utafungua boneti, utazame, kisha utie alama hapa.” Nikaitikia, nikaona nimepewa heshima ya mtu mzima.

Siku nne za kwanza nilifanya kazi yangu vyema. Siku ya tano nilichelewa kuamka, nikatia alama bila kufungua boneti. Nilijiambia, jana maji yalikuwapo, leo yatakwenda wapi? Siku ya sita nikafanya vile vile, na ya saba, mpaka ikawa desturi. Daftari likajaa alama 14 nzuri zilizonyooka kama askari, lakini za kweli zilikuwa 4.

Basi, ikafika siku ya kumpeleka Bibi kwa daktari wa macho upande wa Huye. Bibi alikuwa ameingoja siku ile muda mrefu, maana jicho lake moja lilikwisha funga ukungu na la pili lilikuwa lafuata. Tuliondoka alfajiri. Baba akaniuliza, “Umetazama maji?” Nikajibu, “Ndiyo, Baba.”

Barabara ya kwenda Huye hukata msitu wa Nyungwe, ule ulioandikwa mwaka 2023 katika orodha ya urithi wa dunia. Tulipita mashamba ya chai ya Gisakura tukaingia msituni, na barabara ikaanza kupanda na kupinda. Nilikuwa nikitazama kima kando ya njia niliposikia Baba akiguna. Mshale wa joto ulikuwa umepanda karibu na alama nyekundu. Baba akaegesha gari pembeni na kuzima injini mara moja, na mvuke ukatoka chini ya boneti kama chungu cha maharagwe.

Nikaruka chini, nikafungua boneti, nikanyosha mkono kwenye mfuniko wa rejeta. Baba akaudaka mkono wangu kwa nguvu hata ukaniuma. “Wataka kuungua uso?” akasema. Nami darasani nilikuwa nimefundishwa jambo lile! Maji ndani ya rejeta hufungiwa kwa nguvu, hivyo hayachemki hata yakipita nyuzi 100. Ukifungua mfuniko yangali moto, nguvu ile hutoka, na maji yote huchemka kwa dakika moja na kukurukia.

Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Ukungu ulishuka, na baridi ya Nyungwe ikamwingia Bibi katika mifupa. Nilimfunika koti langu, naye akanishukuru na kunibariki. Baraka ile ilinichoma kuliko mvuke. Injini ilipopoa, Baba akafungua mfuniko kwa kitambaa, kidogo kidogo, akatia maji ya kunywa tuliyochukua kwa ajili ya Bibi. Yaliingia karibu lita tatu. Mbele yetu palikuwa na msitu mrefu usio na fundi, kwa hiyo Baba akageuza gari, tukarudi nyumbani polepole. Siku ya daktari ikapotea.

Jioni majirani walikuja kutupa pole. Baba alikuwa na hasira, akalitoa lile daftari mfukoni, akasema, “Tazameni wenyewe. Mwanangu ameangalia maji siku 14, kila siku yapo. Yule mzee ameniharibia gari akachukua fedha zangu.” Daftari likapita mikononi mwa watu, nao wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la chai. Sikusema neno.

Neno likienda mtaani halirudi. Baada ya siku chache nilipita chini ya mwembe, nikaona uwanja mtupu. Yule mzee alikuwa ameketi juu ya tairi, na kijana wake anayejifunza kazi alikuwa akipanga spana ambazo zilikwisha pangwa. Wazee husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwisha pale. Sikuweza kupita.

Usiku ule nilimwambia Baba kila kitu. Alinyamaza muda mrefu. Nilingoja anipige, lakini alisema tu, “Kumbe jina la mtu nimelichafua kwa mkono wako.” Asubuhi tukaenda kwa fundi, Baba mbele, mimi nyuma na daftari mkononi. Baba aliomba radhi kwanza. Kisha nikaomba mimi, mbele ya yule kijana wa spana. Mzee akalitazama daftari, akacheka kidogo, akasema, “Mwandiko wako ni mzuri, mwanangu. Sasa njoo tutafute ugonjwa.”

Hapo ndipo nilipojifunza kuwa fundi wa kweli ni kama daktari: huuliza kabla ya kukata. Aliuliza, “Gari huchemka likisimama au likipanda?” Akatueleza kwamba gari likichemka limesimama, kisha likapoa likikimbia, mshuku feni. Likichemka likipanda, tazama kwanza wingi wa maji, kisha pampu, kisha rejeta yenyewe, isije ikawa imeziba. Feni tuliisikia ikizunguka vizuri. Kile kidude kinachofungulia maji njia, themostati, alikitumbukiza katika sufuria ya maji motoni, nacho kikafunguka maji yalipokaribia nyuzi 82, kama ipasavyo. Basi akajaza rejeta, akafunga pampu ya mkono juu yake, akasukuma upepo. Mshale wa pampu ukaanza kurudi taratibu. Maji yalikuwa yanatoka mahali.

“Tafuta,” akaniambia. Nililala chini ya gari kwa tochi. Nilikuta chini ya pampu ya maji utando mwekundu uliokauka, na tone moja limening'inia. Nao mfuniko wa rejeta, mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Mzee akasema pampu huvuja tone moja moja, hata huoni maji chini, kwa kuwa hukaukia juu ya injini yenye joto. Lakini kopo la akiba huona. Mtu angelitazama kila asubuhi, angeliona maji yakishuka katika wiki ile ile.

Kuhusu mfuniko, nikakumbuka somo. Kando ya Kivu, penye meta 1,460 hivi, maji ya chunguni huchemka kwenye nyuzi 95. Juu Nyungwe, barabara inapopita meta 2,400, huchemka kwenye 92 tu. Mfuniko uliopasuka hauwezi kuyafunga maji, basi huchemka upesi kama ya chungu, na hasa huko juu ambako injini ina kazi kubwa. Kitu kidogo cha bei ndogo, na kumbe chaweza kuunguza gasketi na kuipinda hedi ya injini, hasara ambayo baba zetu wengi hawaiwezi.

Likizo yote iliyobaki nilikwenda chini ya mwembe kila siku, si kwa adhabu bali kwa kutaka. Nawapeni machache niliyoyapata. Gari likikataa kuwaka asubuhi, tazama kwanza vichwa vya betri. Unga mweupe ukiota hapo, umeme haupiti, na maji ya moto na magadi huuondoa. Gari likikosa nguvu baada ya safari za vumbi la Bugarama, toa chujio la hewa ulitazame, kabla ya kulaumu injini. Ukiteremka mlima mrefu, weka gia ndogo, usikanyage breki, ambazo sisi huku huziita feri, mpaka zikanuka. Breki zenye moto hazishiki. Zikipiga kelele ya chuma, usingoje Jumapili ipite. Upepo wa matairi upimwe yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa penye mlango wa dereva. Na injini iliyochemka usiitie maji baridi kwa pupa, maana chuma chenye moto hupasuka.

Pampu mpya ilitiwa, na mfuniko mpya. Baba alizunguka kwa majirani wale wale, nyumba kwa nyumba, akawaambia ukweli, nami nikaenda naye. Kila mlango ulikuwa mzito kuliko uliotangulia. Uwanja wa mwembe haukujaa siku ile ile. Neno jema hutembea polepole kuliko baya. Lakini nilipoondoka kurudi shuleni, niliyaona magari mawili pale.

Bibi alipata siku nyingine, na safari hii tulipita Nyungwe mshale ukiwa katikati, haukutikisika. Alfajiri ya siku hiyo Baba hakuniuliza kama nimetazama maji. Alisimama tu karibu na boneti akiwa na tochi, tukatazama pamoja. Sikukasirika. Imani aliyokuwa nayo kwangu nimeivujisha tone moja moja, na kuijaza tena nako ni kazi ya kila asubuhi.

Daftari ninalo hapa bwenini. Zile alama 10 sikuzifuta.