Kutoka Tabora Hadi Mwanza kwa Reli ya Pamba

Tabora ndiko treni inakogawanywa. Mabehewa yaliyotoka Dar es Salaam yameshikana hukatwa hapo, haya ya Kigoma, haya ya Mwanza, na kazi yenyewe haijui haraka. Kichwa kinarudi nyuma, kinagonga, waliosimama wanashikana mabega, mtu anapiga filimbi gizani, kisha kimya kirefu. Abiria wazoefu hawajali. Wanashuka, wananunua asali iliyotiwa kwenye chupa za maji, wananyoosha miguu, na kwa kusikiliza tu wanajua kwamba safari bado. Mimi mgeni nilibaki ndani nimekumbatia begi, nikiogopa kuachwa.

Mwanza nilikuwa nimeshafika kwa basi. Kwa reli ilikuwa mara ya kwanza, na niliichagua kwa sababu ya ubishi. Ndugu zangu wa huko hawamalizi jioni bila kulalamikia foleni ya barabara ya Kenyatta, na foleni ikishatajwa lazima mtu aulize: reli ile pale imelala karibu mchana kutwa, kwa nini isitupeleke kazini kama inavyowapeleka watu wa Dar? Mwingine atasema reli hiyo imezeeka, tusubiri ya kisasa. Wa tatu atasema reli ile ni ya mizigo, watu wana daladala. Kisha wote wananigeukia mimi, kwa kuwa mimi ni mtu wa Dar na nimepanda sana treni ya mjini, ile iitwayo ya Mwakyembe. Nikaona kabla sijaongeza neno lingine, niipande kwanza hiyo reli inayogombewa.

Tuliondoka Tabora usiku. Daraja la tatu halina siri: mizigo iko juu, chini na katikati, na ukishakaa, jirani yako ni ndugu mpaka mwisho wa safari. Jirani yangu alipandia Isaka alfajiri, mzee mrefu mwenye koti la kaki, mstaafu wa reli aliyewahi kuwa mnyapara wa gengi. Magengi ni yale makundi ya mafundi waliogawiwa kila kundi kipande chake cha njia, kazi yao kukaza boliti, kubadili mataruma na kujaza kokoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na baada ya muda mfupi akawa ananifundisha kusikiliza. Alikuwa akitaja ubora wa njia kwa mlio wa magurudumu, bila kutazama nje. "Hapa wamebadilisha," alisema. Baadaye: "Hapa bado."

Yeye ndiye aliyeniambia nisiwasifu Wajerumani kwa tawi hili, na historia iko upande wake. Wajerumani walifikisha reli yao Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, wakawa wanalenga Ziwa Tanganyika. Ziwa Victoria lilibaki bila reli ya upande wetu, ilhali Waingereza walikuwa wamefika Kisumu tangu 1901. Kwa hiyo pamba ya Usukuma ilipakiwa kwenye meli Mwanza, ikavuka hadi Kisumu, ikateremka Mombasa, na nauli yake yote ikaingia kwenye mfuko wa reli ya jirani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wenyewe walipokuwa watawala wa Tanganyika, ndipo walipojenga kipande cha kilomita 379 kutoka Tabora kwenda Mwanza. Kilikamilika mwaka 1928.

Naomba msomaji akishike hicho kisa cha pamba, maana ubishi wote wa ndugu zangu uko humo. Reli hujua anayeitumikia. Hii haikuulizwa watu wanaishi wapi. Iliulizwa pamba inavunwa wapi, na bandari iko wapi, ikaunganisha hayo mawili. Vituo vyake vya mwisho wa safari, Seke, Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare, viko kwenye nchi ya wakulima, na miaka ya hamsini ushirika wa Victoria Federation, ambao Paul Bomani alikuwa mtendaji wake mkuu, ulipokuwa ukikusanya pamba ya kanda nzima, njia hii ndiyo iliyoishusha Dar es Salaam. Kwa kazi hiyo haikuwa na kasoro. Swali ni kama kitu kilichochorwa kwa ajili ya marobota kinaweza kubeba karani anayetakiwa ofisini saa moja na nusu.

Shinyanga tuliipita jua likiwa limeshakaa sawa. Kuanzia hapo nchi inafunguka, mbuga tambarare, ng'ombe wengi, mibuyu imesimama mbalimbali. Malampaka akina mama walileta michembe ya moto iliyochanganywa na karanga, nikanunua, nikanunua tena. Sijui kwa nini hatuuzi kitu hiki Kariakoo.

Mama mmoja mchuuzi wa mchele alipandia Bukwimba na magunia yake. Alimsalimu mzee kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wakaulizana habari za ng'ombe na za mvua, na kabla ya Mantare ubishi niliokuwa nimeuacha barazani ukaanza upya, safari hii bila mimi kuuchokoza. Aliyeuanzisha ni kijana wa chuo cha SAUT. Alisema kwa sauti kwamba serikali ikiamua, kesho asubuhi inaweza kuweka mabehewa manne kutoka Fela hadi mjini, na foleni ikapungua. Alitoa mfano wa Dar.

Hapo niliingia, kwa kuwa mfano ulikuwa wangu. Nikawaambia jinsi ilivyokuwa mwaka 2012, Harrison Mwakyembe akiwa Waziri wa Uchukuzi: hakuna reli mpya iliyojengwa. Walichukua njia ya zamani kutoka Stesheni hadi Ubungo, na ile ya TAZARA hadi Mwakanga, wakakarabati vichwa na mabehewa yaliyokuwa yamechoka, na Oktoba ya mwaka huo watu wakaanza kupanda. Asubuhi na jioni tu. Mchana njia iliachwa kwa mizigo na treni za mbali. Watu wa mjini waliicheka wiki ya kwanza na kuigombania wiki ya pili, na baadaye ikaongezwa njia ya Pugu. Kampala nao walifanya vivyo hivyo mwishoni mwa 2015 kwa treni ya Namanve, juu ya reli ya tangu ukoloni. Nairobi waliona mabehewa ya kuvutwa hayatoshi, wakanunua Hispania treni za dizeli zilizokwishatumika, zinazojiendesha zenyewe bila kichwa cha kuzivuta, na zikaanza kazi mwaka 2020.

"Umeona!" alisema kijana.

Mzee alingoja tumalize. Kisha akauliza jambo ambalo ndugu zangu hawajawahi kuliuliza hata siku moja: zitapishana wapi? Njia ni moja. Treni mbili zikutanapo, moja lazima iingie pembeni stesheni na kungoja nyingine ipite. Treni ya mizigo ikichelewa Malya, ya abiria inakaa Mantare. Abiria wa mbali atavumilia, amebeba na chakula chake. Mtu wa kazini hatavumilia. "Mchelewesheni mara tatu," alisema, "ya nne hamtamwona. Amesharudi kwenye Hiace." Akaongeza la vivuko, yaani mahali barabara zinapokata reli. Treni mbili kwa wiki watu wanazikwepa. Treni sita kwa siku, bila mageti na bila walinzi, zitaua.

Kijana akasema basi ndiyo maana tungoje SGR, hiyo reli ya kisasa. Mama wa mchele akacheka kicheko kifupi. Tulikuwa tunakaribia Fela, na dirishani kazi yenyewe ilionekana, tuta pana la udongo mwekundu linalokwenda sambamba nasi. Hapo Fela, wilayani Misungwi, ndipo Rais Samia Suluhu Hassan alipoweka jiwe la msingi Juni 2021 la kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 ukijumlisha njia za kupishania, kwa zaidi ya shilingi trilioni 3. Mkataba ulitoa miezi 36. Miezi hiyo imekwisha na mitambo bado iko kazini. Sisemi kwa kulaumu. Dar nayo ilingoja muda mrefu, na treni za umeme zilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024 tulisahau haraka hasira zetu.

Lakini SGR imechorwa kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa. Treni ya namna hiyo haina faida ya kusimama kila mtaa. Itakapofika itampeleka mtu wa Mwanza Shinyanga kabla hajamaliza gazeti, na hilo ni kubwa. Mtu wa Igogo, hapohapo Mwanza, anayefanya kazi kilomita chache kutoka kwake haitamsaidia kitu. Wanaosema tusubiri ya kisasa wanangoja jibu la swali jingine. Kama kuna reli ya kumbeba mtu wa kila siku, ni hii ya mita moja tuliyokuwa tumeikalia, hasa siku ambayo mizigo na treni za mbali zitahamia kwenye njia mpya na hii ikabaki na nafasi. Nilimtazama mzee nikitarajia apinge. Hakupinga. Alisema tu kwamba ikiachwa bila gengi kwa miaka miwili, haitabaki.

Alikuwa na ushahidi wa karibu. Reli ya kaskazini, ya Tanga, Moshi na Arusha, ilikaa miaka mingi bila treni ya abiria, majani yakaota katikati ya mataruma na watu wakajenga hadi karibu na vyuma. Kuifufua kulihitaji kufyeka, kubomoa na kuhamisha watu. Abiria walirudi Moshi Desemba 2019 na Arusha Oktoba 2020. Imewezekana, lakini kufufua ni ghali kuliko kutunza.

Baada ya Fela mawe yalianza. Kila aliyefika Mwanza anayajua, mawe makubwa yaliyopandiana kama yalimwagwa na mtu aliyechoka, na nyumba juu yake, na nyumba juu ya hizo nyumba. Kutoka barabarani unaona sura za nyumba. Kutoka kwenye reli unaona migongo yake: kamba za nguo, mabanda ya kuku, vyoo, watoto wanaopunga mikono. Niliona pia jambo ambalo kwenye ramani halionekani. Watu wengi wanaishi juu, na reli inapita chini. Mwalimu anayeishi kileleni mwa mtaa wa mawe atashuka ngazi na vichochoro vyote hivyo kufuata treni ikiwa tu ana uhakika itakuwepo.

Tukaingia mjini polepole, honi haikatiki. Igogo na Mwanza Kusini, ambako reli inaingia bandarini hadi majini. Kule ndiko mabehewa ya mizigo huingizwa ndani ya MV Umoja, meli iliyofungwa reli tumboni, yakavushwa hadi Port Bell, Uganda. Huduma hiyo ilikuwa imekufa, ikafufuliwa mwaka 2018. Katika bandari hiyohiyo ndipo ilipojengwa MV Mwanza ya kubeba watu 1,200, iliyoshushwa majini Februari 2023. Mzee alinionyesha kwa kidole, kisha akasema reli inafuata pesa, na pesa iko kwenye mizigo ya Uganda. Ukitaka treni ya watu, mtu aseme mapema nani atalipa tofauti ya gharama na nauli, kwa sababu nauli ya mwanafunzi haitatosha. Katika mabishano yote niliyowahi kuyasikia barazani, hakuna aliyegusa hapo.

Stesheni ya Mwanza iko katikati ya jiji, na hilo ndilo lililonishawishi kuliko mengine yote. Huhitaji gari kutoka pale kufika mjini, mjini ndipo ulipo. Ukishuka unaweza kutembea hadi gati la Kamanga, ambako kila asubuhi vivuko vinashusha watu wa upande wa Sengerema waliokuja kazini na sokoni. Jiji hili tayari lina wasafiri wa kila siku wanaoishi kwa kufuata saa ya chombo, hata baada ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025. Kivuko cha Kamanga hakikuwashawishi kwa uzuri wake. Kinaondoka, basi.

Nilimsaidia mama wa mchele kushusha magunia. Nilimwuliza, kukiwa na treni ya asubuhi angeiacha Hiace? Hakujibu kuhusu nauli wala viti. Aliuliza itaingia mjini saa ngapi. Nikabuni, nikasema saa mbili. Akatikisa kichwa. Saa mbili wateja wa jumla wameshanunua na kuondoka. Ikiingia saa kumi na moja na nusu alfajiri, na kukawa na behewa la mizigo midogo, atapanda hata akae juu ya gunia.

Usiku ule nilitoa hoja yangu kwa ndugu zangu: waache habari za upana wa reli, wadai kwanza safari mbili zenye saa ya uhakika, moja ya alfajiri na moja ya jioni, kutoka Mantare au hata Fela tu, na wadai fungu la ruzuku liandikwe kwenye bajeti. Shemeji yangu alisikiliza hadi mwisho akiwa anachambua samaki. Kisha akaniambia yeye anaishi Buswelu, na kwamba Ilemela nzima, Kirumba, Pasiansi, mpaka uwanja wa ndege, hakuna hata mita moja ya reli. Treni yangu inamhusu nini?

Haikuhusu, nikamwambia. Ya Dar nayo haiwahusu watu wa Tegeta, na jioni za Pugu nimesimama kwa mguu mmoja.