Benchi Chini ya Mwembe



Tunauanza mwezi wa Oktoba, mwezi wa Rozari Takatifu na wa Misioni, na kama kila mwaka anayetufungulia mlango wake ni Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye Kanisa linamkumbuka tarehe 1. Wengi wetu tunamjua kwa picha: mtawa kijana, msalaba na mawaridi mikononi. Picha hiyo imetundikwa katika sebule nyingi za parokia yetu, na katika baadhi ya nyumba inapakana na kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba Teresia alikuwa mwandishi, na kwamba sehemu kubwa ya alichoandika ilihusu mambo ya nyumbani kabisa: bakuli la chakula, maji machafu ya kufulia, jirani anayekukera kwa kelele wakati unajitahidi kusali. Tumependa juma hili kumtafakari kwa upande huo. Tena tuna deni la kulipa, na tutalifikia.

Alizaliwa Alençon, nchini Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873. Aliingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux tarehe 9 Aprili 1888 akiwa na umri wa miaka 15, na humo akafariki kwa kifua kikuu tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24. Hakuwahi kukusudia kutunga kitabu. Aliandika kwa utii. Kwanza aliagizwa na dada yake wa damu, Paulina, aliyekuwa mama mkuu wakati ule, aandike kumbukumbu za utoto wake, naye akazijaza katika daftari la kawaida la shule mwaka 1895. Septemba 1896 aliandika tena kwa ombi la dada yake mwingine, Maria. Juni 1897, ugonjwa ukiwa umekwisha kumlemea, akaendelea kwa agizo la Mama Maria wa Gonzaga, ambaye alikuwa amekirudia cheo cha mama mkuu. Maandiko hayo yalichapwa kwa nakala 2,000 tarehe 30 Septemba 1898, mwaka mmoja kamili baada ya kifo chake, na mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa. Lakini zingatieni jambo hili: kila alipoyaandika maandiko hayo, msomaji wake alikuwa mtu mmoja anayemjua kwa sura, aliyelala chini ya paa moja naye na kula chakula kile kile. Hakuwa akiandikia umati.

Katika sehemu ile ya Juni 1897 anamsimulia mtawa mzee, mgonjwa na mgumu wa tabia, Sista wa Mtakatifu Petro. Kila jioni, dakika kumi kabla ya saa kumi na mbili, mtu mmoja alipaswa kuiacha tafakari na kumsindikiza hadi chumba cha kulia. Teresia, ambaye alikuwa bado mnovisi, alijitolea, ingawa anakiri kwamba haikuwa rahisi, kwa kuwa alijua jinsi ilivyokuwa vigumu kumridhisha mzee yule. Mzee alipotikisa kichupa chake cha mchanga cha kupimia muda, maana yake ilikuwa: twende. Ilibidi kibao chake kibebwe kwa namna fulani, mwendo usiwe wa haraka, na msindikizaji atembee nyuma yake akiushika mshipi wake. Akijikwaa kidogo, lawama. Akihisi mkono umelegea, lawama tena, pamoja na kuambiwa kwamba msichana huyu ni mdogo mno kwa kazi hii. Wakifika mezani, mikono ya vazi lake ikunjwe jinsi atakavyo yeye. Baada ya hapo Teresia alikuwa huru kuondoka.

Siku moja aliona kwamba mzee anapata taabu kuuweka mkate bakulini kwa sababu ya vidole vyake vilivyoharibika. Tangu hapo hakuondoka jioni yoyote bila kumkatia mkate. Hakuwa ameombwa. Na anasema kwamba kilichomgusa mzee kuliko mkate ni kwamba, kabla ya kuondoka, kijana yule alimpa tabasamu lake zuri kuliko yote. Sisi mapadre tunaosoma vitabu vinene vya teolojia ya maisha ya kiroho tungefanya vema kuirudia kurasa hiyo kila mwaka, na tuseme kweli, hatuirudii.

Kuna jambo jingine ambalo msomaji wa haraka hulipita. Teresia alikuwa akiandika juu ya upendo kwa jirani akiwa ameketi bustanini katika kiti cha magurudumu, kwa kuwa hakuweza tena kutembea sana. Masista walimwona yuko pale, mgonjwa, peke yake, wakamhurumia. Na huruma yao ikawa mateso yake. Huyu anarudi kutoka kukusanya majani makavu, anasimama kumpa pole kwa kuchoka na uandishi. Anakwenda, anakuja mwingine. Analalamika kwa ucheshi kwamba hadhani kama amefaulu kuandika hata mistari kumi bila kukatizwa, na kwamba kwa kuwa anaandika juu ya upendo, hana budi kuutenda papo hapo: kuifunga daftari, kuinua uso, kuonekana mwenye furaha. Kurasa za mwisho aliziandika kwa penseli, nguvu za kutumia kalamu ya wino zikiwa zimemwishia.

(Hapa nasi tumesimama kidogo. Kijana wa kwaya amekuja kuomba ufunguo wa stoo ya vyombo vya muziki. Tulipompa akakumbuka kwamba anataka pia kamba.)

Sasa deni letu. Mwalimu wetu wa homilia seminarini alitukataza kulitumia neno "mimi" mimbarini, akilifananisha na pilipili: kidogo huchangamsha, ikizidi hakuna alaye. Ndiyo maana mmezoea kutusoma tukisema "sisi". Lakini katika haya yafuatayo mjue kwamba sisi ni mtu mmoja, na kosa ni la huyo mmoja.

Mwaka jana, alasiri ya Alhamisi, tulikuwa tumejifungia ofisini tukiandika tafakari ya juma. Mada yake, Mungu atusamehe, ilikuwa wema wa kila siku. Mlinzi akagonga. Kuna bibi kutoka kigango cha mbali, ana karatasi, anaomba asomewe. Tukamjibu bila kuinua macho: mwambie asubiri kidogo, anakaribishwa benchini chini ya mwembe. Tulikuwa tumefika katikati ya aya nzuri. Tulikuwa tunaeleza jinsi Mtakatifu Vinsenti wa Paulo alivyowafundisha masista wake kwamba maskini akibisha hodi wakati wa sala, waiache sala bila wasiwasi na kumwendea, kwa kuwa Mungu ndiye anayewaita huko nje pia. Aya ile ilitupendeza sana. Tuliipigia msasa, tukaisoma kwa sauti, tukabadilisha maneno mawili.

Kidogo ile ikawa saa moja na nusu. Tulipotoka benchi lilikuwa tupu. Mlinzi akatueleza kwamba bibi alikuwa amehofia kuchelewa usafiri wa kurudi, akatoka nje ya geti, akampa karatasi yake kijana wa bodaboda anayeegesha pale mkabala. Kijana akaizima pikipiki, akashuka, akaisoma yote mara mbili. Ilikuwa karatasi ya hospitali. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na karatasi ilimtaka afike kwa upasuaji saa mbili asubuhi. Tarehe iliyoandikwa ilikuwa ya kesho yake.

Kijana yule tunamfahamu. Haingii kanisani. Tuliwahi kumsema katika matangazo ya Jumapili, bila kumtaja jina lakini kila mtu alielewa, kwa sababu ya muziki anaoufungulia pale nje wakati wa Misa ya pili. Siku ya pili yake, alfajiri, alikwenda hadi kigangoni kumchukua bibi, akamfikisha hospitalini kwa wakati, akapokea fedha ya mafuta tu. Haya hakutuambia yeye. Tuliyasikia kwa mwenyekiti wa jumuiya.

Na tafakari yetu ilisomwa sana. Hilo ndilo lililotuumiza. Tulipokea shukrani kutoka kwa wanaparokia wanaosoma mbali na nyumbani, kutoka kwa mama mmoja mgonjwa, kutoka kwa mwalimu aliyesema ameisoma mbele ya darasa lake. Kila shukrani ilikuwa ya kweli, na kila moja tuliipokea kama mtu anayepewa mshahara wa kazi iliyofanywa na mwingine. Alikuwapo mtu mmoja aliyetuhitaji kama wasomaji, siyo kama waandishi, naye tulimwacha akingoja huku tukiwapamba wale tusiowaona.

Tumejiuliza kama ni vema kuwaandikia jambo hili. Padre akijishusha mbele ya watu anaweza kuwa anajipandisha kwa mlango wa nyuma; tunaujua ujanja huo. Aliyetupa ujasiri ni Teresia tena, kwa njia ya barua zake kwa mseminari mmoja aitwaye Maurice Bellière. Mwaka 1895 kijana huyo aliiandikia monasteri akiomba sista wa kumsaidia kwa sala, naye akapewa Teresia. Waliandikiana hadi mwisho, pasipo kuonana hata mara moja. Maurice alimfunulia makosa ya maisha yake ya nyuma, kisha akaingiwa na hofu: siku utakapofika mbinguni ukayaona madhaifu yangu yote waziwazi, hutaacha kunipenda? Teresia, akiwa hoi kitandani, alimtuliza kwamba mambo yatakuwa kinyume chake: huko juu watakatifu wanatuhurumia zaidi kwa sababu wanakumbuka kwamba nao walikuwa dhaifu. Maurice alipanda meli kwenda Algiers kuanza unovisi wa Wamisionari wa Afrika, wale ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, tarehe 29 Septemba 1897. Teresia alifariki kesho yake. Maurice alipata upadre, akatumwa Nyasa, yaani Malawi ya leo, akarudi kwao akiwa mgonjwa, na akafa mwaka 1907 akiwa na miaka 33. Kwa macho ya kibinadamu hakufanikiwa. Barua zake za kuogopa na kujikwaa zingali zinasomwa pamoja na zile alizojibiwa.

Basi nasi tumewaambia.

Bibi alirudi baada ya miezi miwili. Tulimtambua kutoka mbali, akitembea bila kushikwa mkono. Tukamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitikia, "Marahaba, Baba," akasimama, akatutazama usoni kwa muda mrefu, kisha akacheka na kusema kwamba alidhani sisi ni wazee zaidi. Tukamwomba msamaha kwa siku ile. Akasema, "Aa, Baba, wewe ulikuwa na kazi ya watu wengi." Alilisema kwa heshima kabisa, bila kisu ndani yake, na tangu hapo hatujaweza kulisahau.

Meza tumeihamishia karibu na mlango. Mlango wenyewe uko wazi, isipokuwa wakati wa kuungamisha na wakati wa vumbi. Tafakari hii tuliianza Jumatatu na leo ni Alhamisi. Mtaona mwenyewe mahali ambapo mishono haikukaa sawa. Kijana wa bodaboda bado haingii kanisani. Lakini Jumapili humleta bibi Misa ya pili, humshusha mpaka kwenye ngazi, kisha hurudi kumsubiri pale mkabala. Muziki huupunguza. Jumapili iliyopita tulimpelekea kikombe cha chai baada ya Misa, tukaketi naye benchini chini ya mwembe, akatuuliza kama ni kweli kwamba huwa tunaandika, na tunaandika nini.