Riziki Tusiyoihesabu

Kila mwanafunzi wa kipaimara hufika kwenye ombi la nne la Sala ya Bwana, ombi la riziki, na hapo hukuta orodha ndefu ya kukariri. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia kwenye chakula. Alitaja pia mavazi na viatu, nyumba na shamba, mifugo, serikali njema, hali nzuri ya hewa, afya, amani, marafiki na majirani waaminifu. Vijana hulalamika kwamba orodha ni ndefu mno. Nyumbani kwetu tulikuja kuiona kuwa fupi, na aliyeanza kutufundisha hivyo ni samaki asiyezidi urefu wa kidole.

Samaki huyu ni wa ukoo mmoja na ngogogo. Wataalamu humwita Chiloglanis. Aina yake mojawapo, Chiloglanis deckenii, ilielezwa mwaka 1868 na Wilhelm Peters wa Berlin, ikapewa jina la Karl Klaus von der Decken, yule baroni Mjerumani aliyejaribu kupanda Kilimanjaro mwaka 1861 na 1862. Hupatikana katika mfumo wa mto Pangani, ambao hupokea maji ya mlima wetu Meru kupitia Themi, Nduruma, Usa na Kikuletwa. Midomo yake imetanuka ikawa kama kikombe cha kunyonyea. Hujibandika juu ya jiwe, maji yanapita kwa nguvu mgongoni mwake, naye ametulia.

Katika vijito vya milima ya Asia, kuanzia Vietnam hadi Borneo, wako samaki wa ukoo mwingine kabisa wanaoishi vivyo hivyo. Mapezi yao yametandazwa chini ya tumbo hata mwili mzima ukashika jiwe. Watu wa Ulaya na Marekani huwafuga na kuwazalisha majumbani, katika matangi ya kioo yaliyotengenezwa yafanane na kijito. Kijana wetu alisoma habari zao, akauliza kwa nini sisi tusiwatunze wa kwetu. Tukaomba ruhusa kijijini na kwa afisa uvuvi, tukapata samaki sita.

Lakini kabla ya samaki, ilitubidi tutengeneze mto. Tulinunua tangi refu, lisilo na kina kirefu. Tukapanga mawe laini ya mviringo. Tukaweka pampu mbili upande mmoja, zote zikisukuma maji kuelekea upande wa pili, na midomo yake tukaifunika kwa sifongo samaki wasivutwe ndani. Tukawasha taa saa kumi kila siku ili mwani uote juu ya mawe, kwa maana hapo ndipo wanapochunga. Maji ya bomba tuliyaacha wazi kwanza, klorini itoke. Kisha tukasubiri wiki sita tangi likiwa tupu, mpaka bakteria wasioonekana kwa macho waongezeke na kuweza kuibadilisha amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki wenyewe. Majirani walikuja kuangalia, wakatuuliza kama tunafuga mawe.

Kubwa kuliko yote lilikuwa oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni kama asilimia 21. Maji hubeba kidogo sana, na yakipata joto hubeba kidogo zaidi: usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 15 hubeba miligramu 10 hivi, na ya nyuzi 30 miligramu 7 na nusu. Samaki wa kijito cha mlimani amezoea maji ya baridi yanayopasuka juu ya mawe na kuchanganyika na hewa usiku na mchana. Kule Meru hupewa haya yote pasipo mtu kuamka kuyaandaa. Kwetu, kila kimoja kilikuwa na bei yake dukani, na kila kimoja kilipokosekana, samaki alionyesha.

Majira hayohayo, Koko, kama watoto wanavyomwita bibi yao, alirudi kutoka hospitali akiwa na mapafu yaliyochoka. Daktari aliagiza atumie mashine ya oksijeni kila siku, na mtungi uwepo wa akiba. Kiti chake tulikiweka karibu na tangi kwa sababu soketi ya umeme ilikuwa pale. Siku tulipolipia mtungi wa kwanza, aliomba aoneshwe risiti. Akaitazama kwa muda, akasema, "Miaka sabini na sita nimevuta hewa, wala sijawahi kuletewa hesabu."

Usiku mmoja wa mgao, umeme ulikatika saa mbili. Pampu zikanyamaza, na mashine ya Koko ikanyamaza. Tukafungua mtungi wa akiba, uliobakiwa na hewa ya saa tatu hivi. Watoto walipokezana kuchota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, ili yachukue hewa. Hata hivyo samaki walianza kuachia mawe na kupanda juu kutafuta pumzi. Sisi watu wazima tulikuwa tunaangalia geji ya mtungi. Tuliomba, na tuseme wazi kwamba tuliomba kwa hofu. Karibu na saa tano jirani yetu, ambaye ni Mwislamu, aligonga geti akiwa na waya mrefu begani. Alikuwa amewasha jenereta yake na kuona kwetu giza. Mashine iliponguruma, neno la kwanza la Koko lilikuwa, "Na samaki wapeni."

Majirani waaminifu Luther amewaweka mwishoni kabisa mwa orodha yake. Usiku ule tulielewa kwa nini hakuthubutu kuwaacha.

Koko alilala katika Bwana miezi mitano baadaye. Tulikuwa tumeomba pumzi yake, na ikafika siku hakupewa tena. Mmoja wa watoto alituuliza kama Mungu amechoka kutusikia. Hatukuwa na jibu la kufuta machozi, na hatulitoi hapa. Tulichoweza kumwambia ni kile Katekisimo inachofundisha: Mungu huwapa riziki hata wasiomwomba, waovu nao wamo, na sisi tunaomba ili tuitambue na kuipokea kwa shukrani. Ombi lenyewe linahusu leo. Koko alipewa leo zaidi ya elfu ishirini na saba, na miezi ile ya mwisho alizishukuru moja moja, kwa sauti, kila asubuhi tulipowasha mashine.

Tena ombi hilo hakuna anayeliomba peke yake. Tunaomba riziki yetu, na yetu ina watu wengi ndani yake. Samaki wa Themi hupata maji kama sisi wa juu tulivyoyaachia: taka tulizotupa, sabuni tuliyooshea magari mtoni, miti tuliyoikata kwenye chemchemi, mfereji tulioufungua zaidi ya zamu yetu. Kazi ya kwanza aliyopewa Adamu ilikuwa kuitunza bustani, na aliye chini yako mtoni ni jirani yako, awe mtu au samaki.

Samaki wetu wanne wanaishi bado. Hawajataga, nasi tunaendelea kusubiri. Mashine ya Koko iko kwa mzee mmoja wa mtaa wetu, na baba wa jenereta amempelekea ule waya.